Kura nyingi si lazima ziwe ushindi: jinsi Marekani inavyompata Rais

Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura zaidi ya milioni 2.8, lakini aliyeapishwa ni Trump. Kwa msomaji wa Mbeya au Iringa hilo linanuka wizi, kwa sababu Katiba yetu inampa urais mgombea aliyepata kura nyingi kuliko wenzake, basi. Kule hakuna kura iliyoibwa. Walihesabu kitu kingine.

Kwanza tuliweke sawa neno "jimbo", maana ndilo linalowachanganya hata wanafunzi wa kidato cha sita. Jimbo la Marekani si kama Isimani au Mbeya Mjini, eneo la kumpata mbunge mmoja. Ni nusu nchi: lina katiba yake, gavana wake, bunge lake na mahakama zake. Yako 50, na kila moja linaendesha uchaguzi wa Rais kivyake. Ukiongeza mji mkuu, Washington, unapata chaguzi 51 zinazofanyika siku moja.

Kinachogombewa ni wajumbe, yaani watu ambao baadaye ndio humpigia Rais kura. Kila jimbo lina wajumbe sawa na idadi ya wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi (usilichanganye na lile la Zanzibar), ukijumlisha maseneta wake 2, yaani wabunge wa baraza la pili, Seneti. Wawakilishi ni 435, maseneta 100, na Washington ilipewa wajumbe 3 kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1961. Jumla 538. Nusu yake ni 269, kwa hiyo mshindi anahitaji 270.

Balaa liko kwenye kugawa. Majimbo 48 pamoja na Washington humpa aliyeongoza wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura moja. Ni Maine na Nebraska tu zinazoweza kuwagawa.

Tujaribu huku kwetu, kwa namba za kubuni. Tuseme Mbeya ina wajumbe 9, Iringa 6 na Njombe 5. Jumla 20, anayefika 11 ameshinda. Mbeya, mgombea wa kwanza anapata kura 400,000 na wa pili 200,000. Iringa wa kwanza 145,000, wa pili 155,000. Njombe wa kwanza 98,000, wa pili 102,000. Jumlisha: wa kwanza ana 643,000, wa pili 457,000. Amemwacha kwa kura 186,000! Sasa hesabu wajumbe: wa kwanza ana 9 wa Mbeya, wa pili ana 6 na 5, yaani 11. Rais ni wa pili. Zile kura za ziada za Mbeya hazikumsaidia mwenyewe hata kidogo, kwa sababu wajumbe 9 angewapata hata kwa tofauti ya kura moja. Hicho ndicho kilichomkuta Clinton: alirundika kura California, akapoteza Michigan, Pennsylvania na Wisconsin kwa tofauti ambayo kwa pamoja haikufika kura 80,000.

Hao maseneta 2 wa kila jimbo nao wanapindisha mizani. California ina wajumbe 54, Wyoming 3. Lakini ukigawa kwa idadi ya watu ya sensa ya 2020, mjumbe mmoja wa California anabeba watu karibu 730,000, wa Wyoming karibu 192,000.

Kwa nini watu wazima walikaa Philadelphia mwaka 1787 wakaandika hivyo? Majimbo madogo yaliogopa kumezwa. Majimbo ya Kusini nayo yalitaka watumwa wao wahesabiwe, japo hawakuruhusiwa kupiga kura, na wakakubaliana watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Hesabu hiyo iliwaongezea wawakilishi, kwa hiyo na wajumbe. Sababu hii ya pili ni aibu, na anayeufundisha mfumo huu bila kuitaja anapunja wanafunzi wake.

Ile ya kwanza ina uzito wake, na hata sisi tunayo. Mambo fulani ya Muungano hayabadilishwi kwenye Katiba yetu bila theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar, kila upande peke yake. Wingi wa Bara hautoshi. Ila kumlinda mdogo asiburuzwe katika jambo linalomhusu ni kitu kimoja. Kumpa kura nzito zaidi ya kumchagua Rais wa wote ni kingine, na kwa maoni yangu hapo Marekani imevuka mpaka.

Asipopatikana mwenye 270, kazi inahamia Baraza la Wawakilishi, na huko kila jimbo lina kura moja: Wyoming sawa na California, mshindi apate 26. Ndivyo John Quincy Adams alivyopata urais baada ya uchaguzi wa 1824, ilhali Andrew Jackson ndiye aliyeongoza kwa kura na kwa wajumbe. Kuufuta mfumo huu kunahitaji theluthi mbili ya mabaraza yote mawili na majimbo 38. Mwaka 1969 Wawakilishi walipitisha kuufuta. Mwaka uliofuata ukakwama Seneti.

Ukifuatilia matokeo kwenye TV, usihangaike na jumla ya nchi nzima. Tazama Pennsylvania (19), Georgia na North Carolina (16 kila moja), Michigan (15), Arizona (11), Wisconsin (10) na Nevada (6). Wala usisubiri tume itangaze, maana hakuna tume ya taifa inayomtangaza mshindi: usiku ule ni vyombo vya habari vinavyokadiria, wajumbe hupiga kura Desemba, Bunge huzihesabu tarehe 6 Januari. Vituo vingi vya mashariki hufungwa kuanzia saa tisa usiku kwa saa zetu, na California saa moja asubuhi, daladala za Mwanjelwa zikiwa zimeshajaa.