Nilivyowatenganisha kopepodi hai na wafu katika maji yasiyo na oksijeni, Walvis Bay

Nimekulia Tanga, bahari ninayoijua ni ya vuguvugu. Siku ya kwanza Walvis Bay, pwani ya Namibia, nilitia mkono kwenye ndoo ya maji ya bahari nikautoa mbio. Baridi ya jokofu, na hapo ni karibu kabisa na tropiki ya Kaprikoni! Upepo wa kusini huvuma sambamba na ufukwe, ukayasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi ya kina hupanda kuziba pengo. Hupanda na mbolea yake. Mwani hustawi kupita kiasi, hufa, huzama, na bakteria wanaoula huimaliza oksijeni ya chini. Sakafuni kuna tope la kijani lililojaa maganda ya diatomu, mwani mdogo wa chembe moja.. Gesi ya salfidi ya hidrojeni ikitoka humo, mji mzima hunuka mayai viza.

Nilikwenda kwa mafunzo nikiwa na swali moja: kopepodi wanaonaswa kwenye tabaka lile la chini, wanaishi humo au ni maiti zinazozama? Kopepodi ni jamaa wa kamba na kaa, wengi hawafiki hata milimita 2, na ndio chakula cha samaki wengi wadogo. Wavuvi wetu wa dagaa wanaowasha karabai wanajua kwamba viumbe wa aina hii hupanda usiku na kushuka alfajiri. Kushuka kwenye maji yenye oksijeni haba kuna faida kwao, maana samaki wengi wanaowawinda hawawezi kuwafuata huko. Lakini wavu hauulizi nani mzima. Ukihesabu tu ulichopata, unaweza kuchora ramani ya makaburi ukadhani ni ramani ya uhai.

Asubuhi tulifika kituo cha kupimia baharini, chenye kina cha mita 120 hivi. Kwanza tulipima oksijeni kwa njia ya Winkler: unajaza chupa bila kuacha kipovu hata kimoja, unatia dawa ya manganizi, kisha ile ya iodidi yenye magadi makali, unafunika na kutikisa. Chupa ya mita 10 ikapiga kahawia kama chai iliyokolea. Chupa ya mita 110 ikabaki nyeupe kama tui la nazi. Weupe ule maana yake oksijeni karibu hakuna. Nilisimama nazo mkononi kwa muda, moja kulia, moja kushoto. Nilishasoma habari hii mara nyingi, lakini kuiona ni kitu kingine.

Kisha wavu. Tulitumia WP-2, mdomo wa sentimita 57, matundu ya mikroni 200. Tuliushusha hadi karibu na sakafu, tukauvuta polepole hadi mita 70, hapo mwenzangu wa Mombasa akaachia chuma kidogo kinachoteleza kwenye waya. Kikagonga, wavu ukajinyonga shingo, ukapanda bila kuchanganya maji ya juu. Tukavua na tabaka la juu peke yake.

Sampuli zote mbili nilizitia rangi ya nyutrali redi papo hapo, kabla ya dawa yoyote, dakika 15 kwenye kivuli. Seli hai huivuta rangi hii na kuihifadhi, maiti haiwezi. Pembeni niliwaua makusudi kopepodi wachache kwa maji moto, nikawatia rangi ile ile ili nijue mfu anaonekanaje. Nikawasuuza wote, nikawahifadhi kwenye fomalini.

Jioni, kwenye hadubini, wote walikuwa wamepauka, na umanjano kidogo. Niliandika “wafu” kurasa mbili nzima. Mwenzangu akaja kuchungulia.

“Dada, hata hawa wa juu wamekufa? Si tuliwaona wakirukaruka kwenye chupa?”

Swali lile lilinikata. Kweli tuliwaona. Na wale niliowaua kwa maji moto hawakuwa na tofauti na wengine. Basi tatizo lilikuwa kwenye rangi, wanyama hawakuwa na kosa.

Nikasoma tena lebo ya fomalini: imetiwa boraksi, ili asidi isile maganda. Boraksi ni alkali. Hapo nikakumbuka doa la bizari kwenye kanga. Ukilipaka sabuni linageuka jekundu, ukilikamulia ndimu linarudi manjano. Nyutrali redi nayo hubadilika hivyo, ila kinyume chake: kwenye asidi ni nyekundu, kwenye alkali ni ya manjano. Hata maji ya bahari yenyewe yana ualkali kidogo. Rangi ilikuwa bado imo ndani yao, imejificha tu.

Nikachukua asidi asetiki, ile iliyomo kwenye siki, nikadondosha matone machache kwenye kisahani. Wekundu ukaanza tumboni, ukatambaa kwenye misuli ya miguu, ukafika kwenye antena. Waliouawa kwa maji moto wakabaki weupe. Niliita kila aliyekuwa macho aje aone.

Kurasa mbili zile nilizikata kwa mstari, nikaanza upya. Tabaka la chini lilikuwa na maiti kweli: maganda matupu, na wadogo wengi waliopauka. Ila kati yao walikuwapo kopepodi wa jenasi ya Calanoides, wachanga wa hatua ya tano, wale wanaobeba kifuko kirefu cha mafuta na wanaoweza kupunguza kasi ya mwili wakakaa kinani wakingoja maji yapande tena. Sampuli hiyo ilitoka kwenye maji yaleyale yaliyobaki kama tui. Nilimgeuza mmoja kwa ncha ya sindano chini ya taa. Mafuta yaling'aa katikati ya mwili, na kuyazunguka alikuwa mwekundu mpaka ncha za antena.