Treni Iliondoka na Watoto, Sisi Tukabaki Syokimau

Desemba 2024, siku chache baada ya shule kufungwa, treni ya saa 9:00 alasiri iliondoka kituo cha Syokimau, Nairobi, kuelekea Mombasa ikiwa na watoto wetu wawili, binti wa miaka 13 na mdogo wake wa miaka 8, huku mimi na baba yao tukiwa bado upande wa pili wa ukaguzi, tiketi mkononi. Ninaowasimulia kisa hiki huuliza swali moja tu: mliwaachaje? Nitalijibu kwanza ili nilimalize, kisha nieleze jinsi tulivyowapata.

Kosa lilikuwa letu. Baba watoto alitushusha na mizigo, akaenda kuegesha gari, nami nikatangulia na watoto nikiwa na tiketi zote nne mkobani. Aliyewahi kusafiri kwa SGR, reli hiyo ya kisasa ya Nairobi na Mombasa, anajua kwamba hapo mtu haingii moja kwa moja: mabegi hupangwa chini kwa mstari, abiria wakasogea kando, mbwa wa kunusa akapita, kisha mizigo hupitishwa kwenye mashine, kisha kitambulisho hulinganishwa na tiketi. Tulikuwa tumekwisha kupita yote hayo na kuketi katika ukumbi wa kungojea aliponipigia simu kusema kwamba hawezi kuingia bila tiketi. Nikampa binti mkoba wangu na tiketi zao mbili, nikachukua ya baba na yangu, nikamwambia maneno ambayo amenikumbusha mara nyingi tangu siku ile: "Mkiitwa, pandeni, tutawakuta kwenye viti."

Nilitoka nje bila kufikiri kwamba kurudi ndani kungedai kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa mkobani, pamoja na simu. Askari alikataa kunipitisha, na kwa haki. Baba watoto, ambaye sasa alikuwa na tiketi na kitambulisho na angeweza kukimbia ndani peke yake, alisimama kunitetea. Mpaka leo hatujakubaliana kama hilo lilikuwa kosa lake au upendo wake. Msimamizi alipoitwa na kutuelewa, milango ya kupandia ilikuwa imefungwa, na treni ile huondoka kwa saa yake.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa baya. Baba watoto alipiga simu yangu, binti akapokea, naye akamfokea kwa nini wamepanda. Mtoto akaanza kulia, na nyuma yake nikamsikia mdogo wake naye akianza. Nilimnyang'anya simu. Nikamwambia binti kwamba hajakosea, kwamba amefanya nilivyomwagiza, na kwamba kuanzia dakika ile kazi yao ni moja: wasiondoke kwenye viti vyao isipokuwa kwenda msalani, na hata huko waende wote wawili. Nikamwomba anisomee namba ya behewa na za viti zilizoandikwa kwenye tiketi, nami nikazirudia kwa sauti ili msimamizi aliyesimama karibu nami aziandike. Kisha nikamwambia amtafute mhudumu mwenye sare ampe simu. Sauti ya mtu mzima upande ule ndiyo iliyonirudishia pumzi. Mhudumu alikuwa mwanamke, na hakunibembeleza. "Mama, nimewaona, nitakuwa nikiwapitia. Lakini tukifika Miritini, mwisho wa safari, siwakabidhi kwa mtu nisiyemjua. Nani anawachukua?"

Swali hilo lilikuwa gumu kuliko tulivyodhani. Kaka yangu anaishi Changamwe, karibu kabisa na kituo cha Miritini, na alikuwa tayari kwenda. Hata hivyo jina lake la ukoo si la watoto wangu, na hakuna karatasi yoyote inayosema kwamba yeye ni mjomba wao. Tulimpa msimamizi jina lake na namba ya kitambulisho chake, na mimi nikapatana na binti neno la siri ambalo mjomba angelitaja kabla hawajamfuata, jina la paka mmoja aliyekufa zamani. Msimamizi akapeleka taarifa kwenye treni kwa njia zao, lakini akatueleza kwa upole kwamba lingekuwa jambo bora zaidi kama mzazi mmoja angekuwepo.

Ndipo baba watoto akasema tuingie garini tuifukuze. Alikuwa ameshatoa funguo. Hesabu yake ilikuwa kwamba tungewakuta Emali, au Mtito Andei, au Voi. Nakiri kwamba wazo hilo lilinivuta, kwa sababu mtu aliyeachwa hutaka kufanya jambo lenye mwendo. Lakini treni ya abiria hufikia kilomita 120 kwa saa na haina malori ya kuipita, na Barabara ya Mombasa wiki ya sikukuu ni mstari mmoja wa malori kutoka Mlolongo. Isitoshe, ile ya alasiri haisimami kila kituo kama ya asubuhi, na hata kama ingesimama, ningewaambia watoto washuke jioni mahali wasipopajua, wangoje wazazi ambao huenda wamekwama Sultan Hamud? Walipokuwa ndipo palikuwa salama kuliko mahali pengine popote. Tulipaswa kuhama sisi, si wao.

Dereva mmoja wa teksi aliyekuwa akisikiliza mzozo wetu, kama watu wa Nairobi tunavyopenda kusikiliza, ndiye aliyetukumbusha kwamba uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko karibu na kituo kile, na kwamba ndege ya Mombasa huchukua chini ya saa moja. Treni ilikuwa na takriban saa tano za safari. Baba watoto alitafuta kwenye simu, akapata kiti kimoja cha jioni. Bei yake sitaitaja. Itoshe kusema kwamba sisi wanne kwenye treni tulilipa shilingi 5,250, watatu 1,500 kila mmoja na mdogo nusu nauli, na kiti kile peke yake kilizidi jumla hiyo. Nilitaka kwenda mimi. Lakini hata ndege ya ndani hudai kitambulisho, na changu kilikuwa njiani kuelekea Mombasa bila mimi. Akaondoka yeye na dereva yule.

Baadaye kaka yangu, ambaye kazi yake ni kupeleka bidhaa kwenye meli bandarini Kilindini, aliniambia kwamba meli za watalii zina desturi ninayoitamani. Meli haiwangojei waliochelewa mjini, lakini ikitambua kwamba abiria fulani hajarudi, maofisa hutafuta pasipoti yake chumbani na kuiacha kwa wakala wa meli pale bandarini, ili aliyeachwa aweze kuifuata hadi bandari inayofuata. Wanajua kwamba mtu asiye na karatasi zake hawezi kuwafuata watoto wake popote. Mimi nilijua hivyo nikiwa nimekwisha kuachwa.

Kabla baba watoto hajaenda uwanja wa ndege tulipatana na binti juu ya simu. Chaji ilikuwa asilimia 34, na mdogo wake alikuwa ameshaanza kucheza mchezo kwa kutumia alama ya kufungulia ambayo mimi nilidhani ni siri yangu. Tulikubaliana kwamba simu isiguswe, baba apige kila saa inapotimia tu, na akikosa mtandao wasishtuke, kwa sababu kuna sehemu za mbuga ya Tsavo ambako mtandao hupotea. Agizo hilo la mwisho lilisaidia kuliko yote. Saa 11 hakuna aliyepatikana, na kwa kuwa binti alikuwa ameonywa, hakuogopa. Simu ilipopatikana tena, mdogo mtu aliinyakua na kumwambia baba yake habari aliyoiona kubwa kuliko zote za siku ile: ndovu ni wekundu, si wa kijivu kama wa kitabuni. Ni vumbi la Tsavo, lakini hilo angelieleza mtu mwenye nafasi.

Mimi nilibaki na noti alizoniachia baba watoto, bila simu, bila kitambulisho, bila M-Pesa. Treni ya saa 4 usiku nisingeruhusiwa kuipanda. Nilikwenda Mlolongo nikapata basi la usiku, ambako karani aliridhika na jina na namba ya kitambulisho niliyoikumbuka. Nikaketi kando ya mama mmoja wa makamo aliyekuwa akienda Kaloleni. Tulipokaribia Sultan Hamud saa ilikuwa mbili na nusu. Nikamweleza yaliyonipata, naye akanipa simu yake kabla sijamaliza kuomba. Hapo nikagundua kwamba sikumbuki namba ya mume wangu, wala ya kaka yangu. Namba pekee niliyokuwa nayo kichwani ni yangu mwenyewe.

Nikajipigia. Ililia muda mrefu, kisha akapokea binti. Baba yao alifika Miritini mapema, akamkuta mjomba amesimama mlangoni na kitambulisho mkononi kama anayengoja kukamatwa. Mhudumu aliwashusha watoto mwenyewe, akamlinganisha baba na picha iliyo kwenye kitambulisho chake, kisha akamwuliza mdogo: "Huyu ni nani?" Mdogo akajibu, "Ni baba, lakini amechelewa."

Niliteremka Changamwe kabla ya mapambazuko. Binti alikuwa macho, amekaa sebuleni na mkoba wangu magotini. Alinikabidhi simu, kitambulisho, na zile tiketi mbili ambazo hakuzitupa.

"Mama," akasema, "safari ijayo kila mtu ashike yake."