Natron kwa pikipiki: nilivyopanga safari ya vumbi na vijana wangu

Kutoka Mto wa Mbu hadi Engare Sero, kando ya Ziwa Natron, ni kama kilomita 120. Mwanangu wa kiume alipoiona namba hiyo kwenye simu alinitazama kwa huruma. "Mama, hiyo si saa mbili tu?" Kwenye lami, sawa. Ila huko kuna mchanga, kokoto, makorongo na vumbi la majivu ya Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano, nami nikaigawa njia hiyo katika vipande viwili, tulale katikati. Alinuna. Nilimwambia aendelee kununa, maana mpango haubadiliki.

Pikipiki ya porini naifahamu kwa sababu ya kazi. Nilipoajiriwa kama afisa ugani nilikabidhiwa Honda XL 125 pamoja na vijiji ambavyo daladala haifiki, na kuanzia hapo mchanga wenyewe ndio ulionifundisha. Vijana walipoanza kuniomba safari nilishajua kwamba pikipiki haitatusumbua sana. Watakaotusumbua ni jua, kiu, na ile haraka ya kutaka kuonekana unaweza.

Tulikuwa watu watano. Mwanangu, miaka 19, alikuwa ametoka JKT anasubiri chuo. Mpwa wangu, binti wa kaka yangu, ana miaka 18 na leseni yake ilikuwa bado mpya kabisa. Binti yangu mdogo ana miaka 15, alikuwa kwenye mapumziko mafupi ya Septemba. Baba yao alikuja na pikapu ya kutusindikiza. Pikipiki zilikuwa tatu.

Suala la mdogo ndilo lililonichukulia muda mrefu zaidi. Hana leseni na umri haujamruhusu, na njia ya Natron ni barabara ya umma hata kama inafanana na kitanda cha mto. Wapo wazazi wanaosema "huko porini hakuna trafiki". Mimi siendi huko, kwa sababu akimgonga mtoto wa mtu anayechunga mbuzi, trafiki kuwepo au kutokuwepo hakusaidii chochote. Yeye anaendesha kwenye shamba la babu yake, ndani ya uzio, basi. Lakini pia sikutaka akae ndani ya gari kama mzigo, siku nzima akiangalia migongo ya wenzake. Nikampa kazi ambayo bila yeye haiendi: ramani, maji na saa. Alipakua ramani ya njia nzima kwenye simu, kwa kuwa mtandao unakatika kwa masafa marefu baada ya Engaruka. Akaandika kwenye daftari kila kijiji, kila korongo kubwa, na muda tunaotakiwa kuwa tumefika. Akisema "simameni tunywe maji", tunasimama, hata mimi. Alivyoonja madaraka hayo, manung'uniko yakaisha.

Kwa nini Natron? Kwanza, pikipiki haziruhusiwi kuingia hifadhi za taifa wala Ngorongoro, kwa hiyo Manyara na Tarangire zilifutika mapema. Njia ya Natron inapita chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye ardhi ya vijiji vya wafugaji, na bado unaona twiga, pundamilia na mbuni bila kuvunja sheria ya mtu. Pili, inapanda ugumu polepole: inaanza na kokoto, inaingia kwenye vumbi, mwisho mchanga. Kijana anapata muda wa kuzoea. Jiandae na mageti ya ushuru, kwa sababu njia inagusa wilaya zaidi ya moja. Lipa, dai stakabadhi, zihifadhi zote kwenye bahasha moja, na kila mtu awe na kitambulisho chake mfukoni.

Septemba niliichagua kwa makusudi. Wakati wa masika makorongo yale yanashusha maji ghafla hata kama mvua imenyesha mbali huko juu, na ukishavuka moja likajaa nyuma yako, umefungiwa. Kiangazi shida ni vumbi na joto. Ziwa liko kwenye mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Arusha aliyezoea baridi ya mita 1,400 anaanza kulitambua joto hilo mapema. Mchana upepo nao unaamka na kubeba vumbi zito. Kwa hiyo ratiba yetu haikuandikwa kwa kilomita, iliandikwa kwa saa. Kuondoka saa 12 na nusu asubuhi, kuwa kivulini ifikapo saa 5, na kama kipande hakijaisha, kuendelea saa 10 alasiri hadi jua linapoinama. Giza likiingia pikipiki zimezimwa. Mwendo niliuhesabia wastani wa kilomita 20 hadi 25 kwa saa pamoja na kusimama, na huo ndio tulioupata.

Pikipiki zenyewe zilikuwa za cc 125 na 150. Vijana walitaka 250 za kukodi, wameziona kwenye video. Nilikataa kwa sababu nyepesi: pikipiki ambayo binti wa kilo 52 hawezi kuinyanyua peke yake ikilala mchangani si yake. Tulijaribu uani. Kila mmoja alilaza pikipiki yake na kuinyanyua, magoti yamekunjwa na mgongo umenyooka, mpaka ikawa kazi ya kawaida. Fedha iliyobaki ilikwenda kwenye mavazi: helmeti inayofunika kidevu, miwani ya vumbi, glovu, kinga za magoti na viwiko, na buti zinazopita kifundo cha mguu. Ile kofia ya bodaboda inayoelea kichwani kama bakuli niliiacha nyumbani. Na kabla hujalipa chochote, soma bima. Ile ndogo inamlinda utakayemgonga. Wewe mwenyewe haikuhusu, kwa hiyo angalia kadi ya bima ya afya ya kila mtu kama bado inafanya kazi.

Kitu nilichokifurahia kuliko vyote katika maandalizi ni siku tulizokaa kijiweni kwa fundi wetu wa mtaani. Nilimlipa, si atengeneze, bali akae kwenye kigoda na mikono yake mifukoni huku vijana wakitoa gurudumu la nyuma, wakibandua tairi, wakiziba pancha na kurudisha. Mara ya kwanza mwanangu alibana tyubu kwa chuma cha kubandulia akaitoboa tundu jipya kubwa kuliko la awali. Fundi alicheka hadi akakohoa. Mpwa wangu akagundua mwenyewe kwamba ukitia upepo kidogo kwenye tyubu kabla ya kuirudisha, haijikunji wala haibanwi. Wakajifunza pia kukaza cheni, kubadilisha waya wa klachi na kusafisha ea klina, kile kichujio cha hewa ya injini, kwa kuwa vumbi la kule ni laini kama unga na linaingia kila mahali.

Kuhusu mafuta: Mto wa Mbu ndipo kituo cha mwisho nilichokitegemea, mbele ya hapo unauziwa ya chupa. Pikipiki ambayo lami inatumia lita 2 na nusu kwa kilomita 100, mchangani niliihesabia lita 4, na dumu la akiba likapanda nyuma ya pikapu, si ndani walipo watu. Maji, lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na pakiti za ORS.

Kipande cha Arusha hadi Mto wa Mbu hatukukiendesha. Pikipiki zilipanda Canter. Najua wenye vifua watasema huo si usafiri wa pikipiki, lakini barabara hiyo ina mabasi na malori, na dereva mwenye leseni mpya anapaswa kuanza siku akiwa na nguvu zake zote.

Pale Mto wa Mbu tulipunguza upepo wa matairi, kutoka PSI 30 hadi 20 hivi, na nikarudia sheria. Ilikuwa moja kubwa: anayeongoza hasogei mbele ya njia panda mpaka amwone wa nyuma yake, na wa nyuma yake hivyohivyo. Sheria hiyo inawafaa vijana kwa sababu haimwambii mtu "nenda polepole". Ukikimbia, utakaa juani ukisubiri. Mwanangu alisubiri sana asubuhi ile, kisha mwenyewe akapunguza.

Mchanga ulianza kwa utani, vipande vifupi katikati ya kokoto. Kanuni zake ni kinyume cha anachotaka mwili. Mwili unataka kukaa, kubana breki na kuangalia tairi la mbele. Wewe simama kwenye vikanyagio, peleka uzito nyuma kidogo, angalia mbali, ushike usukani bila kuukaba, na mkono wa mafuta usiulegeze ghafla. Tairi la mbele litayumba, liache liyumbe. Mpwa wangu alilipata hilo haraka kuliko kaka yake, labda kwa kuwa hakuwa na la kuthibitisha. Kaka mtu aliona mchanga mweupe, akaogopa katikati, akaachia mafuta, na usukani ukamgeukia. Alilala ubavuni polepole kabisa. Hakuumia, ila leva ya klachi ilikatika nusu. Nilikuwa na ya akiba, nimeifunga chini ya kiti kwa mpira. Nikampa spana, nikaenda kukaa kivulini. Dakika ishirini baadaye akaja, uso mzima vumbi, meno tu yanaonekana: "Imekubali."

Ng'ombe ni somo lingine. Ukiona kundi mbele, punguza mapema, simama pembeni, zima injini kabisa. Mnyama akitimka, mchungaji, mara nyingi mtoto, ndiye atakayehangaika porini hadi jioni. Tulisimama namna hiyo kabla ya Engaruka, na mzee mmoja akaja na fimbo yake kutazama pikipiki. Vijana walivua helmeti, wakamwamkia shikamoo na kuinamisha vichwa, naye akawagusa utosini mmoja mmoja. Kisha akatuonyesha kwa fimbo kwamba korongo la mbele limebadilisha njia, tupite kushoto kwenye mawe. Ramani ya binti yangu ilisema kulia. Alifuta, akaandika upya.

Engaruka tulifika kabla jua halijakaza, kwa hiyo kulikuwa na muda wa kutembea kwenye magofu. Ni mashamba ya kale ya umwagiliaji, kuta za mawe na mifereji ya jamii iliyolima pale karne kadhaa zilizopita, kisha ikaondoka. Afisa ugani ndani yangu alitaka kukaa hadi jioni kuangalia jinsi walivyoyagawa maji. Vijana walivumilia.

Kipande cha pili ndicho kizuri na ndicho kigumu. Lengai anasimama mbele yako, karibu mita 3,000, mlima pekee duniani ambao kwa sasa unatema lava ya kaboneti: inatoka nyeusi, kisha hewa inaigeuza nyeupe. Mwiba wa mgunga ulitukuta chini yake, tairi la nyuma la mpwa wangu. "Shangazi, usishuke," aliniambia. Aliegesha, akaweka jiwe chini ya injini, na wawili hao wakafanya kazi waliyoifanya kijiweni, huku mdogo akiwapimia muda kwa sauti ya kuudhi. Walianza kwa kupapasa ndani ya tairi kutafuta ncha ya mwiba kabla ya kuweka kiraka. Fundi angefurahi, maana wengi wanasahau hapo na tyubu inatoboka tena.

Engare Sero, mambo mawili niliyakataa, na ningeyakataa tena. La kwanza ni kupanda Lengai. Watu wanaanza usiku wa manane ili wawe juu alfajiri, wanashuka miguu inatetemeka. Mtu wa hivyo simpi usukani kesho yake. Mlima una safari yake. La pili ni kupeleka pikipiki ufukweni. Tambarare ile inakushawishi, lakini ganda la juu linapasuka na chini yake ni tope la magadi, na Natron ndiyo mazalia makuu ya heroe (flamingo) wadogo wa Afrika Mashariki, na tangu 2001 ni eneo la Ramsar, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Tuliziacha kambini, tukaenda kwa miguu na mwongozaji wa kijiji. Mchana tulikaa kwenye maji ya maporomoko ya korongoni, na hapo hata aliyekuwa bado ananung'unikia Lengai alinyamaza.

Kurudi tulipita njia ileile. Kuna wanaozunguka kupitia Longido, lakini nilitaka vijana warudie mchanga ule wakiwa wanaujua, na kwa kweli waliuvuka kama si wao.

Nyumbani kazi haikuisha. Vumbi la magadi linakula chuma, hivyo pikipiki zilioshwa kwa maji mengi siku hiyohiyo, cheni zikapakwa mafuta, ea klina zikatolewa na kufuliwa, oili ikamwagwa hata kama kilomita zake hazijafika. Beringi za gurudumu la mbele la mwanangu zilikuwa zimeanza kuvuma. Za kwake, na leva ile ya klachi, alilipa mwenyewe kutoka kwenye akiba yake, kwa makubaliano tuliyoyaandika kabla ya kuondoka: kinachochakaa ni changu, kinachovunjwa ni cha aliyekivunja. Beringi alizibishia, kwamba huo ni uchakavu. Tukampelekea fundi aamue. Fundi alizizungusha kidoleni, akasikiliza, akasema nusu kwa nusu.