Harufu ya kuungua kwenye gari la spoti: haikuwa klachi

Wiki ya pili tangu ninunue spoti yangu ya mtumba, yenye injini ya boksa (silinda zake zimelala kushoto na kulia), kila nikisimama kwenye foleni harufu ya kuungua inaingia ndani. Fundi akasema klachi. Sikukubali: klachi hunuka ukiibana mlimani, hii ilinuka kama mafuta ya kukaangia yaliyopitiliza, tena gari likiwa limesimama.

Nikaingia chini na tochi. Tapeti kava (kifuniko cha valvu za injini) ya kushoto imelowa, tone la oili linaning'inia juu ya ekzosi. Kwenye boksa kava hizo zimelala ubavuni, gasketi (mpira unaoziba ukingo wa kava) ikikauka oili hudondokea bomba la moto moja kwa moja.

Nilibadilisha gasketi zote mbili na pete za mpira zinazozuia oili kuingia kwenye matundu ya plagi, nikaisafisha ekzosi. Siku mbili bado ilinuka kidogo, masalia tu, kisha basi.