Baba na Reli ya Alaska

Wazee wengi wakija Marekani kuwatembelea watoto wao hupelekwa New York, au kwenye maporomoko ya Niagara wakapigwe picha. Baba yangu alipokuja kwangu Seattle mwaka 2023, nilimuuliza angependa kuona nini. Hakufikiri hata kidogo. "Treni," akasema. Nikamwambia treni za mjini zipo, kesho yake tu nampandisha. Akanikazia lile jicho lake la ukaguzi. "Mama, hizo ni daladala za kupita kwenye vyuma. Mimi nataka treni inayokwenda mbali."

Baba ni mstaafu wa reli. Maisha yake ya kazi aliyamaliza Reli ya Kati, Tabora, Dodoma, na kwa muda mrefu Kilosa, akikagua njia. Alitembea kwa miguu juu ya tuta au akapanda kiberenge, akitafuta taruma lililolegea, yaani lile gogo au chuma cha kulalia reli, reli iliyopinda kwa jua, kokoto zilizosombwa na maji. Sisi watoto tulijua masika yakianza ndiyo kwaheri ya kuonana. Kile kipande cha Kilosa hadi Gulwe, reli inapobanana na mto Mkondoa, ndicho kilichomzeesha. Mto ukifurika unakula tuta, watu wanajaza mawe, mwaka unaofuata unarudi kula tena.

Kwa hiyo nikajikuna mfuko, tukaenda Alaska. Mama alibaki Tabora kwa sababu ya magoti yake, lakini aliagiza aletewe picha za dubu.

Safari yenyewe ni ya kutoka Anchorage kwenda Fairbanks, kilomita 570 na ushei kuelekea kaskazini, na katikati mtu anaweza kushuka kwenye hifadhi ya taifa ya Denali, akalala, akaendelea na treni nyingine. Kuna daraja la kifahari, mabehewa yenye paa la kioo na chakula cha kuletewa mezani. Bei yake sikuweza kuitamka mbele ya Baba. Tulikata lile la kawaida, ambalo nalo lina behewa moja la kioo ghorofani: mnapanda kwa zamu, mnakaa dakika ishirini hivi, mnawapisha wenzenu.

Tuliondoka saa mbili na kitu asubuhi. Kiongozi wetu wa watalii alikuwa binti wa sekondari. Shirika la reli na shule za Anchorage wana mpango wa kuwafundisha wanafunzi kazi hiyo, na kiangazi wanapewa maikrofoni na behewa. Baba akaninong'oneza, "Huyu mtoto ndiye gadi?" Nikamwambia hapana, yeye ni wa kueleza mandhari tu. Akatulia, ila nadhani roho yake haikukaa sawa mpaka alipomwona kondakta, mtu mzima mwenye kofia na redio kiunoni.

Binti alijua kazi yake. Alitueleza kwamba Anchorage yenyewe ilianza kama kambi ya mahema mwaka 1915, kando ya kijito cha Ship Creek, kwa ajili ya wajenzi wa reli hii. Serikali kuu ya Marekani ndiyo iliyoijenga, ikaimaliza mwaka 1923, na jimbo la Alaska likainunua mwaka 1985. Baba alikuwa anahesabu. "1923? Sisi treni ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914. Tumewatangulia." Alisema kwa sauti ya kutosha, na kwa Kiswahili, watu wakamtazama wakitabasamu wasijue wanatabasamia nini.

Kila mara maikrofoni ilipowaka, behewa zima liliegemea upande mmoja. Kushoto kuna tai mwenye kichwa cheupe. Kulia kuna moose, yule kulungu mkubwa wa kaskazini, na ndama wake, wamesimama kwenye kinamasi, miguu mirefu kama ya kuazima. Baba aliangalia, akasema mashallah, kisha akarudi kutazama chini. Baada ya muda akahamia kabisa kwenye upenyo wa kati ya behewa na behewa, ambako dirisha linafunguka na upepo unaingia. Nikamfuata nikiwa na koti lake mkononi.

"Sikiliza," akasema. Nikasikiliza. Sikusikia kitu. "Ndiyo hivyo. Hakuna ta-ta, ta-ta. Wameunganisha reli kwa moto, hakuna viungo." Kisha akanionyesha mataruma. Ya mbao. Kwetu mengi ni ya chuma, tangu enzi za Wajerumani, na Baba alikuwa na maoni mengi juu ya mbao, mchwa na baridi, ambayo nitawaepusha nayo wasomaji. Ila niseme kwamba katika maisha yangu sikuwahi kusimama naye kazini kwake. Nilikuwa namwona akiondoka na akirudi. Kumwona sasa ameshika ukingo wa dirisha, midomo inahesabu kitu kimyakimya, ilikuwa mara ya kwanza kuona sura aliyokuwa nayo huko porini.

Mlima Denali ulijitokeza baada ya kupita Talkeetna, treni inafuata mto Susitna. Husemwa kwamba katika wageni watatu ni mmoja tu anayeuona, kwa jinsi mawingu yanavyoupenda. Siku ile mawingu yalikuwa yamejikusanya kiunoni mwake na kilele kiko wazi, cheupe, kikubwa kiasi kwamba mwanzoni nilidhani nacho ni wingu. Watu walipiga kelele. Mama mmoja mtu mzima karibu yangu alilia. Denali una mita 6,190. Jina hilo la wenyeji ndilo lililokuwa rasmi wakati huo, tangu 2015. Mwaka 2025 serikali kuu ikarudisha jina la McKinley, na watu wa Alaska wakaendelea kusema Denali. Baba aliuliza urefu wake, nikamtajia. "Kilimanjaro 5,895. Wametuzidi mita mia tatu kasoro tano." Akautazama tena, safari hii kwa heshima kidogo. "Haya. Mkubwa."

Kuanzia Talkeetna barabara ya magari inaachana na reli, na kwa karibu kilomita 90 ni msitu, mto na njia ya chuma tu. Wamo watu wanaoishi humo ndani, kwenye vibanda vya magogo, na kwao treni ndiyo kila kitu. Ipo moja maalumu inayowahudumia: mtu anasimama kando ya njia, anapunga kitambaa, dereva anasimamisha. Wanapanda na mitungi ya gesi, mbwa, mifuko ya unga. Binti alipoeleza hayo, Baba alifurahi kuliko alivyoufurahia mlima. Alianza kumsimulia abiria wa mbele, kwa Kiingereza chake cha ofisini, kuhusu Saranda, jinsi treni inavyosimama na kina mama wanavyokimbilia madirishani na kuku wa kukaanga, na kwamba treni isiyouziwa kuku dirishani haijakamilika. Hapo nikatoa chapati zangu kwenye karatasi ya aluminiamu. Abiria wa mbele alipata moja.

Kwenye korongo la Hurricane treni ilipunguza mwendo hadi mwendo wa mguu ili tupige picha. Daraja lile ni la mwaka 1921, la upinde wa chuma, lina mita 280 kwa urefu, na kijito kiko mita 90 chini. Niliangalia mara moja nikarudi kushika kiti. Baba alikuwa ameinamia dirisha kiwiliwili kizima. Ndipo kondakta alipomjia, nadhani kwa nia ya kumrudisha ndani.

Sikusikia mwanzo wa mazungumzo. Nilipofika Baba alikuwa anaonyesha kwa mikono, kiganja kimoja ni tuta na kingine ni mto, na kondakta anaitikia kwa kichwa. Walikaa pale muda mrefu. Kondakta alieleza kwamba shida zao kubwa ni theluji, maporomoko, na ardhi yenyewe, kwa sababu mahali pengi chini kuna udongo ulioganda tangu kale, na ukiyeyuka tuta linadidimia upande mmoja. Na moose. Wakati wa baridi theluji ikizidi kina, moose wanapenda kutembea juu ya njia iliyofagiliwa, treni ikija hawataki kushuka kwenye theluji laini. Baba akamwambia kuhusu ng'ombe wa Bahi. Walicheka wote wawili kicheko cha watu waliowahi kuandika ripoti ya aina moja.

Tukapita Broad Pass, mahali treni inapovuka safu ya milima. Kina mita 720 tu juu ya bahari. Baba hakuamini, kwa sababu Tabora, ambako hakuna mlima wa maana, iko kwenye mita 1,200. Lakini huku kaskazini mita 720 zinatosha kumaliza miti. Ile misonobari myeusi inayobaki ni mifupi, myembamba, imeinama huku na huku kama walevi, kwa sababu mizizi yake haina pa kushika ndani ya barafu.

Denali tulishuka saa kumi jioni. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1917, ni ndogo kuliko Rwanda kwa kidogo tu, na ina barabara moja. Magari binafsi yanaishia maili ya 15, zaidi ya hapo ni mabasi. Kesho yake tulipanda basi, tukamwona dubu jike na watoto wawili wakichimba mizizi mteremkoni. Nilimpigia Mama picha yake. Tuliona kondoo pori weupe, vidoa tu juu ya miamba, na caribou mmoja, mnyama wa jamii ya kulungu, aliyekuwa anakimbizwa na mbu. Mbu wa Alaska ni wakubwa na hawana malaria, jambo ambalo Baba aliliona kama upotevu wa nguvu.

Basi liligeuza maili ya 43. Mbele yake kuna mteremko uitwao Pretty Rocks, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukiteleza taratibu na wao wanajaza kokoto, mpaka Agosti 2021 ukaanza kuporomoka kasi kuliko malori yanavyoweza kujaza, wakafunga barabara. Barafu iliyokuwa imeushikilia mlima kwa ndani inayeyuka. Sasa wanajenga daraja la kuuruka. Dereva aliyasimulia haya kwa huzuni. Baba akaniambia, "Kilosa." Neno moja tu, na akatikisa kichwa.

Usiku ule, ukiita usiku, ilinibidi niteremshe mapazia mazito ndiyo nilale. Jua la Juni kule linazama saa sita ya usiku imeshapita, na giza halifiki. Baba alikuwa msafiri, anaruhusiwa kuunganisha sala, lakini Magharibi ni Magharibi, lazima jua lizame. Alikaa kwenye kiti cha plastiki barazani amejifunga blanketi, anasubiri. Nilipoamka kunywa maji nilimkuta bado yupo, saa mkononi. "Limebakiza kidogo," akaniambia, kama anayesubiri treni iliyochelewa. Alisali Magharibi na Isha pamoja. Alfajiri ilikuwa inabisha hodi.

Kaskazini tu ya hifadhi reli inaingia kwenye korongo la mto Nenana, na hapo hata mimi nilielewa. Mto uko chini kabisa, wa rangi ya saruji, mwamba juu, reli imebandikwa katikati. Treni ilikwenda polepole. Baba alinionyesha mahali tuta lilipoongezewa mawe mapya, akanieleza mawe ya chini lazima yawe makubwa kiasi gani ili mto usiyasukume, na kwa nini maji ya mlimani ni hatari kuliko ya mtoni, kwa sababu yanaingia nyuma ya tuta ambako mkaguzi hayaoni mpaka reli ianze kuning'inia. Nilimuuliza kama iliwahi kumtokea. "Mara nyingi," akasema. "Usiku, na taa ya mkononi. Unasikia maji lakini huoni ardhi." Hakuwahi kutusimulia hayo nyumbani.

Nenana tulivuka mto Tanana juu ya daraja la chuma la mita 213 lisilo na nguzo katikati. Ni kwenye mji huo Rais Warren Harding alipigilia msumari wa dhahabu tarehe 15 Julai 1923 kufungua reli. Siku kumi na nane baadaye akafariki. Na hapo kuna mchezo wa tangu 1917, walioanzisha ni wahandisi wa reli waliochoka kusubiri: unakisia siku, saa na dakika ambayo barafu ya mto itapasuka. Baba aliipenda hesabu yake, akaichukia kamari yake.

Fairbanks tuliingia jioni, jua bado liko juu. Kabla mizigo haijashushwa Mama akapiga simu, Tabora kulikuwa kunapambazuka. Nikaweka sauti kubwa.

"Baba Zaina, dubu mmewaona?"

"Tumewaona, tumewaona. Watatu."

"Na ule mlima?"

"Upo, mkubwa. Sasa nisikilize vizuri, na kesho umwambie jirani yetu yule tuliyekuwa naye Kilosa. Mataruma yao ni ya mbao."