Siku moja na hesabu za bahari

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nafungua matokeo ya usiku: kompyuta imehesabu kina cha maji ya Kilindini na hori ya Tudor, hapa Mombasa, kwa siku tatu zijazo. Bahari tunaikata vipande, kisha programu inahesabu maji yanayoingia na kutoka kwenye kila kipande.

Saa mbili, ofisini. Nalinganisha utabiri wa jana na kipimo cha bandarini. Tofauti ni sentimita sita, ndani ya kiwango cha makosa tulichotangaza. Nafurahi.

Asubuhi yote nayakata maji vipande vidogo zaidi. Ukipunguza upana na urefu wa kipande kwa nusu, inabidi hatua ya muda nayo upunguze, kwa hiyo kazi inaongezeka kama mara nane. Tunavumilia, maana jibu likibadilika kila tukipunguza vipande, hilo ni jibu la gridi, yaani la vipande vyenyewe, si la bahari.

Saa saba, simu ya mkandarasi wa ukuta wa bahari.

"Binti, Ijumaa maji yatakupwa mpaka wapi? Nataka kumwaga zege."

"Sentimita 40 juu ya sifuri ya ramani, mzee, kile kiwango cha chini ambacho ramani za bahari hupimia kina. Huenda ikazidi au ikapungua kwa 15."

"Nipe namba moja."

Nikamweleza. Mwezi na jua vinavyovuta maji tunavijua, na bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, haitubabaishi. Lakini kusi ikivuma kwa nguvu maji husukumwa pwani, na mgandamizo wa hewa ukishuka hektopaskali moja, kipimo chake,, bahari huinuka karibu sentimita moja.

"Kwa hiyo hujui."

Neno hili linanichosha kuliko hesabu zote. Ile 15 nimeipata kwa kupima utabiri wetu dhidi ya bahari yenyewe, mwezi baada ya mwezi. Akapiga tena nikiwa nakula. Akapiga tena, safari hii akitaka niifute kwenye ripoti ili mteja wake asiulize maswali. Nikakataa. Maji yakirudi mapema, watakaokuwa chini ya ukuta ni vibarua, si mimi wala yeye.

Jua lilikuwa limeshazama alipouliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Sasa nipangie kwa ile ya juu?"

"Ndiyo, mzee. Panga kwa 55, na zege ianze maji yakiwa bado yanashuka."

Nikamwandikia jedwali la saa kwa saa, kila saa na kiasi cha kuzidi au kupungua pembeni, nikatuma.