Kilimia kwa mtu wa Dodoma

Kilimia ni kishada cha nyota kilichomo katika kundi la Ng'ombe, ambacho Waarabu hukiita Thurayya. Jina letu limetokana na kitenzi kulima katika kauli ya kutendea, yaani limia, kwa hiyo linazitaja nyota hizo kwa kazi ya msimu wake wala si kwa umbo lake. Waswahili hawako peke yao katika hili: Wazulu na Waxhosa husema isilimela, Watswana selemela na Washona chirimera. Waxhosa walifika hata kuhesabu miaka ya utu uzima wa mwanamume kwa kuchomoza kwake alfajiri ya mwezi Juni.

Methali ya pwani inasema kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kule ina mantiki, kwa sababu kishada hupotea machweo ya Mei, masika ikiwa bado inanyesha, kisha huonekana tena alfajiri ya Juni, mvua zikiwa zimekatika. Huku kwetu Dodoma, ambako msimu wa mvua ni mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, hesabu hiyo inagoma: Mei kilimia huzama kwa jua, lakini anayekisubiri Juni kizuke na mvua ataambulia vumbi na baridi. Kwa maoni yangu, mtu wa bara akitaka methali imfae, kuzuka akuhesabu kuwa ni kule kwa jioni, katikati ya Novemba, kilimia kinapochomoza upande wa kaskazini-mashariki wakati jua linatua. Huo ndio wakati ambao mashamba ya mtama na uwele yanapaswa kuwa yameshaberegwa, yaani yamesafishwa tayari kwa kupandwa. Nyota hutaja msimu tu. Mvua yenyewe (wakulima wa Bahi na Chamwino wanajua) inaweza kuchelewa hadi Krismasi.

Anayetaka kukiona atoke nje ya mji, maana taa za barabarani zimekifanya kuwa ukungu mtupu. Saa tatu usiku mwishoni mwa Novemba kinakuwa kimepanda kama theluthi moja ya anga. Jicho zima huhesabu nyota sita, ingawa darubini zimeonyesha kuwa zimo zaidi ya elfu moja, umbali wa takriban miaka 440 ya nuru.